Katiba yenyewe imerudishwa getini: hivi nani anaamua mahabusu asome nini?

#1 Mtu wa Igogo

Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu kidogo, asiyependa kusoma apite tu, asije akaanza "fupisha mkuu".

Nina ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, ni mahabusu kwenye gereza mojawapo huku Kanda ya Ziwa. Jina la gereza silitaji na msiniulize kule inbox. Kesi yake ina harufu ya siasa na iko mahakamani kwa hiyo siigusi. Nachotaka kuongelea ni makaratasi.

Sabuni inaingia, dawa ya mswaki inaingia, dagaa wa kukaanga wakishaonjwa wanaingia. Magazeti ya michezo yanaingia, hata yale ya udaku yenye picha ambazo huwezi kumuonesha mama mkwe yanaingia vizuri tu. Ila gazeti likiwa na sura ya kiongozi wa upinzani ukurasa wa mbele, au limeandika katiba mpya kwa maandishi makubwa, hilo linabaki kaunta na ukiuliza unaambiwa "hili acha".

Basi juzi nikasema ngoja nipeleke kitu ambacho hakina chama. Nikabeba Katiba ya Jamhuri ya Muungano, kile kijitabu cha kawaida, pamoja na Rasimu ya Warioba, ile rasimu ya katiba mpya ya Desemba 2013. Afande akafungua akafungua kurasa, akamwita mwenzie, wakanong'onezana, akanirudishia vyote viwili. "Hizi siasa kijana, humu ndani hatutaki siasa."

Sasa jamani Rasimu ile imeandikwa na tume iliyoundwa na Rais kwa mujibu wa sheria, ikachapwa kwa hela ya walipa kodi, ikakabidhiwa kwa Rais Kikwete hadharani kamera zote zikiwaka. Na Katiba ndo hiyo hiyo ambayo hakimu ataishika siku ya kusoma hukumu. Imekuwaje mtu anayeshtakiwa kwa sheria za nchi azuiwe kusoma sheria mama ya nchi?

Nikamwambia sawa afande, naomba uniandikie basi kwamba umevikataa na sababu yake. Akacheka, akanambia nenda na usalama wako.

Mi sibishi gereza kukagua vitu, nchi gani haikagui. Hoja yangu ni hiyo karatasi. Hakuna fomu, hakuna muhuri, hakuna orodha ukutani inayosema gazeti fulani marufuku, yaani kila kitu kinategemea nani yuko zamu. Leo linapita kesho linakwama. Na huwezi kukata rufaa dhidi ya mdomo wa mtu, maana kesho atakwambia sikusema.

Wajuvi karibuni. Wale wa matusi naomba mkae pembeni leo.

#2 Sangara Mkavu

Jela sio maktaba mkuu. Akalime huko, akitoka atasoma magazeti mpaka achoke.

#3 Mtu wa Igogo

> Sangara Mkavu alisema: Akalime huko

Ndugu yangu ni MAHABUSU, hajafungwa. Ibara ya 13(6)(b) ya hiyo Katiba waliyoirudisha inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike anayo hatia. Alime shamba la nani?

#4 Mtoto wa Kirumba

Naweka kambi hapa. Kahawa ninayo.

#5 Afande Mstaafu

Mleta mada umeongea kwa adabu na mimi nitakujibu kwa adabu. Nimetumikia Magereza miaka mingi, vituo tofauti tofauti, nimestaafu niko zangu Usagara nafuga kuku. Nitakwambia upande wa kaunta ulivyo maana watu mnaona sare tu.

Kwanza karatasi ni mzigo hatari kuliko mnavyodhani. Barua inasomwa kwa sababu zipo barua ambazo mtu yuko ndani anamuelekeza mdogo wake nje amtishe shahidi, nimeziona kwa macho yangu. Zipo zinazopanga mtu atoroke siku anapelekwa mahakamani. Gazeti nalo linakatwa vipande linasokotewa sigara, na kuna watu wanaficha vitu ndani ya jalada la kitabu, unakuta jalada limefunguliwa na kubandikwa upya vizuri kabisa kama limetoka kiwandani.

Pili selo inajaa. Weka watu wengi chumba kimoja kipindi cha uchaguzi halafu wape gazeti lenye kichwa cha habari cha moto, usiku mnaitwa kwenda kuamulia ngumi. Hilo nalo lipo.

Lakini sasa nikuambie ukweli wa tatu ambao wenzangu hawatapenda. Askari wa kaunta hajapewa orodha yoyote ya magazeti, kwa uzoefu wangu mimi sikuwahi kuiona. Anachojua ni hiki: akiruhusu kitu kikaleta shida, ataitwa ofisini, ataandika maelezo, anaweza kuhamishwa au kukosa cheo. Akizuia, hakuna atakayemuuliza. Miaka yote ya utumishi sijawahi kuona askari anaitwa kuulizwa "kwanini ulizuia gazeti". Sasa wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Utazuia. Na Katiba utaizuia, maana neno lenyewe kwa miaka hii ya karibuni limekaa kisiasa. Yule kijana hakukuchukia, alikuwa analinda kibarua.

#6 Mtu wa Igogo

Afande shikamoo. Umenisaidia kuliko unavyojua. Yaani hapo penye "akizuia hakuna atakayemuuliza" ndo ugonjwa wenyewe ulipo, na ndo maana nang'ang'ania karatasi. Akilazimika kuandika "nimezuia Katiba ya nchi kwa sababu kadha wa kadha" halafu asaini jina na namba yake, atafikiria mara mbili. Hapo kuzuia nako kunakuwa na gharama.

#7 Ng'wanamalundi Mdogo

Mwanza hapa tunajua neno katiba linavyowasha. Julai 2021 Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, alikamatwa hapa hapa mjini, hotelini, usiku wa kuamkia kongamano la katiba mpya. Akakaa ndani Ukonga mpaka tarehe 4 Machi 2022 DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, alipoifuta kesi. Kwa hiyo askari akiona kijitabu kimeandikwa katiba anakumbuka hayo, haangalii ndani kuna nini.

Ila kuna stori moja inanifurahisha sana. Gereza la Robben Island kule Afrika Kusini, miaka ya 70, mfungwa mmoja anaitwa Sonny Venkatrathnam alikuwa na kitabu kizima cha kazi zote za Shakespeare. Akaogopa kitachukuliwa, akakifunika kwa kadi za sikukuu ya Diwali zenye picha za miungu ya Kihindu, akawaambia askari hii ni biblia yangu. Wakamwachia! Kitabu kikazunguka kwa wenzake, kila mmoja akawa anachagua kipande anachokipenda anasaini pembeni. Mandela alisaini tarehe 16 Desemba 1977, na kipande alichochagua ni kile cha Juliasi Kaizari anaposema waoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwao. Sasa Juliasi Kaizari ni kitabu gani? Ni kile alichokitafsiri Mwalimu Nyerere akiwa madarakani. Mwalimu anatafsiri Ikulu, Mandela anasaini jela, kitabu kile kile.

Mleta mada jaribu kukifunika kwa kalenda ya kwaya hahaha.

#8 Sangara Mkavu

Mnamfundisha mtu kudanganya askari. Mods mnaona?

#9 Dada wa Bwiru

Samahani naomba niongee kama mtu wa familia. Kaka yangu yeye amefungwa, kesi haina siasa hata kidogo, yeye ndo mshabiki wa siasa tangu tupo wadogo alikuwa anasikiliza bunge kwenye redio kama watu wanavyosikiliza mpira. Alivyoingia ndani akaniomba jambo moja tu, niwe namuandikia yanayoendelea mtaani, kata imechukuliwa na nani, mkutano ulijaa au haukujaa, nani kahama chama. Mimi si mwanasiasa lakini kwa ajili yake nikawa naenda kwenye mikutano nasimama nyuma naangalia halafu usiku naandika.

Barua zikawa haziendi. Au zilienda hazikumfikia, mpaka leo sijui. Mimi nikawa nasubiri jibu, na yeye ndani akawa anasubiri barua, akaja kumwambia mama siku ya kutembelewa kwamba mimi nimemtupa. Nililia sana aisee. Kumbe kila mtu alikuwa anamlaumu mwenzie na kuna mtu katikati ana barua zote mezani kwake au ameshazitupa. Kama angeandika tu kwenye bahasha "imezuiliwa" akanirudishia ningejua, nisingekasirika hata, ningeandika nyingine.

Sasa hivi naandika salamu tu. Bei ya sato, mvua imenyesha, fulani kaolewa, mama anakusalimia. Hizo zinafika zote. Ila anajua na mimi najua kwamba hizo sio barua alizoomba, na cha ajabu hakuna mtu aliyenikataza kuandika siasa, nimejikataza mwenyewe.

#10 Mtu wa Igogo

Pole sana dada yangu. Hii yako imezidi ya kwangu, mimi angalau nilirudishiwa mkononi.

#11 Afande Mstaafu

Dada pole. Kwa utaratibu ninaoujua mimi barua ikizuiwa ilitakiwa mfungwa aambiwe. Kutupa barua ya mtu kimya kimya ni uvivu, sio usalama, na nasema hivyo kama mtu niliyewahi kuvaa sare hiyo.

#12 Mlowezi wa Houston

Wakuu niko Marekani, naomba nichangie maana hili la karatasi huku limepiganiwa mpaka Mahakama ya Juu na ni vizuri mjue lilifika wapi, msije mkadhani huku ni peponi.

Miaka ya 70 magereza ya California yalikuwa na kanuni kwamba barua ya mfungwa inaweza kuzuiwa kama "inalalamika kupita kiasi" au "inakuza manung'uniko" au ina mawazo ya kisiasa ya uchochezi. Afisa ndo anaamua kupita kiasi ni kiasi gani. Mwaka 1974, kesi ya Procunier v. Martinez, Mahakama ya Juu ikazifuta kanuni hizo. Na ikakubali masharti matatu ambayo mleta mada utayapenda: mfungwa aambiwe barua yake imekataliwa, aliyeandika barua apewe nafasi ya kupinga, na malalamiko yaamuliwe na afisa MWINGINE, sio yule yule aliyezuia. Dada wa Bwiru hapo kwenye sharti la pili ndo wewe, mwandishi wa barua ambaye yuko nje na hajafungwa na mtu.

Sasa msishangilie mapema. 1987 kwenye kesi ya Turner v. Safley mahakama ikalegeza, ikasema kanuni ya gereza inatosha ikiwa na uhusiano wa maana na malengo halali ya gereza. 1989 kwenye Thornburgh v. Abbott wakasema kipimo hicho cha kulegea ndo kitumike kwa vitabu na magazeti yanayoingia, kile kikali cha Martinez kikabaki kwa barua zinazotoka tu. 2006, kesi ya Beard v. Banks, Pennsylvania ikaruhusiwa kuwanyima magazeti, majarida na picha za familia wafungwa waliokuwa kwenye kitengo cha watukutu zaidi, eti ili wawe na hamu ya kujirekebisha. Hapo sababu sio usalama tena, gazeti limekuwa pipi.

Matokeo yake? Hapa Texas ilikuja kuandikwa 2017 kwamba vitabu zaidi ya 10,000 ni marufuku magerezani, na wakati huo huo kile cha Hitler kilikuwa kinaruhusiwa. Halafu tangu 2018 Pennsylvania barua za kawaida haziendi gerezani kabisa, unaituma kwa kampuni iliyoko Florida, inaskaniwa, mfungwa anapata nakala na ile karatasi uliyoigusa inaharibiwa. Sababu waliyotoa ni dawa za kulevya zinazolowekwa kwenye karatasi. Hilo tatizo lipo kweli, sibishi, ila kampuni sasa ina kumbukumbu ya kila anayeandika na anamwandikia nani.

Kwa hiyo karatasi ya kukataliwa wanayo, na bado wanakataliwa.

#13 Sangara Mkavu

Umeona sasa? Hata Marekani wanazuia. Uzi ufungwe.

#14 Mtu wa Igogo

Mlowezi asante mkuu umetiririka. Sangara tulia kwanza.

Mlowezi nikuulize, hiyo karatasi imewahi kumsaidia nani? Maana kama wanakataliwa nayo na sisi tunakataliwa bila hiyo basi nimebeba hoja tupu.

#15 Mlowezi wa Houston

Imesaidia, nitakupa mbili.

New Jersey, Januari 2018. Magereza mawili yalikuwa yamepiga marufuku kitabu cha Michelle Alexander kinachoeleza jinsi watu weusi wanavyofungwa kwa wingi nchini humu. Wanasheria wa ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, waliomba orodha za vitabu marufuku kwa kutumia sheria ya kupata kumbukumbu za serikali, wakakikuta humo, wakaandika barua, kesho yake kama sio siku hiyo hiyo marufuku ikaondolewa. Hakuna hata kesi. Aibu tu ya kuonekana kwenye karatasi ilitosha.

Ya pili ni gazeti la Prison Legal News, lilianzishwa 1990 na wafungwa wenyewe kule jimbo la Washington, linaandika haki za wafungwa. Florida walianza kulizuia 2009 wakisema matangazo yake ya simu na ya kubadilisha stempu kwa hela ni hatari. Kesi ikaenda miaka, 2018 mahakama ya rufaa ikasema sawa Florida mnaweza kuzuia, LAKINI mlikosea kwa kutolipatia gazeti taarifa sahihi kila mlipozuia, hilo ni lazima. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Yaani mkuu, gazeti lilishindwa kwenye kila kitu isipokuwa hicho hicho unachokiongelea wewe.

#16 Jaduong' wa Kisumu

Mimi niko hapa Kisumu nawasoma tu lakini hii imenigusa. Nyinyi mnaongea barua kuingia, sisi huku tuna watu ambao walifungwa juu ya karatasi na wakaandika karatasi ingine wakiwa ndani.

Abdilatif Abdalla, mtu wa Mombasa, 1969 alifungwa miaka 3 juu ya kikaratasi chake, "Kenya: Twendapi?", kilikuwa kinauliza serikali ya KANU inafanyia nini chama cha upinzani cha KPU. KPU ndiyo ilikuwa ya Jaramogi wetu hapa, na mwaka huo huo 1969 ikapigwa marufuku. Kijana alikuwa na miaka 22 ama 23. Ndani hakuruhusiwa karatasi ya kuandikia, akaandika mashairi kwa toilet pepa, na hayo mashairi yakatoka kitabu 1973, Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta. Rais aliyekuwa madarakani alipofungwa! Halafu alipotoka alikuja kwenu Dar, chuo kikuu, akafanya kazi ya Kiswahili miaka kadhaa.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi, naye akiwa gereza la Kamiti, 1978, aliandika riwaya nzima kwa toilet pepa. Serikali inanyima mtu daftari lakini choo lazima aende.

#17 Mtoto wa Kirumba

"Choo lazima aende" 😂😂 Jaduong' umenimaliza. Karibu Mwanza tukupe sato.

#18 Jaduong' wa Kisumu

Sato? Hapa tunaita ngege na tunapika vizuri kuliko nyinyi.

#19 Mtoto wa Kirumba

Msianze, huo ni uzi mwingine.

#20 Wakili Chipukizi

Nimechelewa, nilikuwa nasoma mitihani. Niweke ya kisheria kwa kifupi, wakili kamili akija anirekebishe.

Umoja wa Mataifa 2015 walipitisha Kanuni za Nelson Mandela, ziko 122. Sio sheria ya kumfunga mtu pingu lakini ndo kipimo ambacho mahakama na tume za haki wanakitumia duniani. Kanuni ya 54 inataka mtu akiingia gerezani apewe kwa maandishi taarifa ya sheria na taratibu zinazomhusu, tena haraka. Sasa mleta mada, kama ndugu yako anatakiwa apewe taratibu kwa maandishi, utaratibu wa magazeti uko wapi kwenye hayo maandishi? Kanuni ya 58 ni mawasiliano na ndugu na marafiki, chini ya uangalizi, kwa hiyo afande kusoma barua ya kawaida inakubalika. Ya 61 ni wakili, hapo hamna kusoma, hamna kuchelewesha, hamna kuchuja. Ya 63 inasema mfungwa aendelee kupata habari muhimu kwa magazeti, majarida, redio na njia nyingine.

Lakini someni ya 63 mpaka mwisho, ina tundu. Inamalizia kwa kusema njia hizo ni zile zinazoruhusiwa au kusimamiwa na uongozi wa gereza. Hapo ndo askari wa zamu anapojificha.

Nyumbani tuna ibara ya 18 ya Katiba, uhuru wa maoni na wa kupata habari na mawasiliano kutoingiliwa, halafu ibara ya 30 inayoruhusu mipaka. Mipaka yenyewe lakini iwe ya kisheria, sio ya mtu kuamka vibaya. Na kumbukeni magazeti yenyewe nje huku yana historia, MwanaHalisi lilifungiwa, Mawio, Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni 2020, leseni zikaja kurudishwa Februari 2022. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha 2019 ilishasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka mkataba wa jumuiya. Askari wa kaunta amekulia kwenye mazingira hayo, amezoea kuona gazeti linafungiwa asubuhi mchana linafunguliwa, atajuaje lipi salama?

Tofauti ni kwamba gazeti likifungiwa nje kuna tangazo, kuna tarehe, kuna mtu amesaini. Hata kama tangazo ni baya unaweza kulibeba mahakamani. Lililozuiwa getini halina hata tangazo.

#21 Sangara Mkavu

Haya mmeshinda. Ila nawauliza swali la kweli sasa sio utani. Mkipewa hiyo karatasi, si askari ataandika "sababu za kiusalama" kwenye kila moja anagonga muhuri? Itakuwa fomu tu kama fomu zingine.

#22 Mtu wa Igogo

Sangara leo umeuliza kiume. Ndiyo, wataandika hivyo, najua kabisa. Lakini zikishakuwa nyingi zimeandikwa neno hilo hilo, Katiba "usalama", gazeti "usalama", barua ya Dada wa Bwiru kuhusu nani kashinda udiwani "usalama", jaji anayekuja kukagua gereza akiziona kwenye faili moja atauliza. Leo hii akija anakuta faili tupu anaandika ripoti kwamba hakuna malalamiko ya magazeti. Na kweli hakuna, maana hakuna kilichoandikwa popote.

#23 Afande Mstaafu

Hapo umenena. Mkaguzi anasoma faili, hawezi kusoma ambacho hakipo. Na nikuongezee, karatasi inamlinda hata askari. Mkuu wa gereza akitoa maelekezo ya maandishi kwamba Katiba ruksa, kijana wa kaunta ataiachia bila kuogopa, maana akiulizwa anaonesha maelekezo. Msiende kugombana na kaunta. Nendeni juu kwa mkuu wa gereza, kwa barua, mkiomba awaeleze machapisho gani yanaruhusiwa. Ukiomba ruhusa ya kitu kimoja atakujibu hapana. Ukiomba utaratibu, inabidi autafute.

#24 Wakili Chipukizi

Nakazia hapo kwa afande. Barua iwe fupi, usihubiri, usitaje vyama. Ambatisha Katiba na Rasimu uulize tu kama vinaruhusiwa, na kama haviruhusiwi ni kwa kifungu gani cha Sheria ya Magereza ya 1967 au kanuni zake. Nakala kwa wakili wake na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na wakili akienda kumuona anaweza kubeba Katiba kama nyaraka ya kesi, hiyo ni njia nyingine tofauti kabisa na gazeti.

Dada wa Bwiru na wewe weka nakala ya kila barua, piga picha na simu kabla hujafunga bahasha, andika tarehe juu. Mandela alikuwa anazinakili barua zake kwenye madaftari kabla ya kuzitoa maana alikuwa hajui ipi itafika ipi itakatwa kwa wembe. Madaftari hayo wakamchukulia 1971, yakaja kurudishwa 2004 na mtu aliyekuwa polisi wa usalama. Leo tunajua aliandika nini kwa sababu ya nakala.

#25 Dada wa Bwiru

Nimeelewa, wabeja sana. Leo usiku naandika ya siasa, naipiga picha. Isipofika naiandika tena hiyo hiyo.

#26 Ng'wanamalundi Mdogo

Mwambie nani kachukua kata yetu maana hata mimi nilikuwa safari Ukerewe sijui.

#27 Mtu wa Igogo

Barua nimeshaandika, nusu ukurasa. Jumatatu naipeleka. Wakili, wakikataa kuipokea nifanyeje?

#28 Wakili Chipukizi

Chapa mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, unaondoka nayo. Wakikataa kugonga itume kwa posta kwa rejista, risiti ya posta ndo muhuri wako.

#29 Sangara Mkavu

Na ukienda vaa vizuri, usiende na ile jezi yako ya Pamba Jiji.

#30 Mtu wa Igogo

Jezi ya Pamba sivui, nitaweka koti juu. Wakijibu nitaskani niweke hapa, wasipojibu nitaweka risiti.